Mashine Inapowaka, Draiva Iseme Nini na Inyamaze Wapi

Hotuba kwa mafundi na wanafunzi wa informatike, Lubumbashi

Jambo yenu wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama pale mlangoni kwa sababu viti vimeisha. Nashukuru kwa kuniita. Nilipoulizwa nitaongea juu ya nini, nilijibu kwamba nataka kuongea juu ya ile mistari inayokimbia kwenye skrini wakati kompyuta inawaka. Mmoja wa walionialika akaniuliza kama kweli kuna hotuba nzima ndani ya mistari ile. Ipo, na nadhani sisi wa mji huu tunaihitaji kuliko wengi, kwa sababu mashine zetu zinawaka mara nyingi. Mwenzetu wa Helsinki huenda anawasha seva yake mara moja kwa mwaka. Sisi, delestaje, yaani mgao wa umeme, ikipita mtaani mara tatu usiku mmoja na betri ya akiba imechoka, seva imewaka mara tatu kabla ya jogoo kuwika.

Neno langu ni moja na nitalisema sasa hivi, ili anayewahi basi aondoke nalo. Draiva iliyopata kifaa chake na kukiwasha bila shida inyamaze. Draiva iliyoshindwa iseme, na iseme mpaka fundi aliye mbali aelewe.

Tuelewane kwanza juu ya neno lenyewe. Draiva ni ile programu inayojua kuongea na kifaa fulani: diski, kadi ya mtandao, kamera, kadi ya sauti. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaiita piloti, wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam wanaiita draiva, na kwenye kamusi za kompyuta utakuta kiendeshi. Mifano yangu ni ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye seva ndogo ninazozitunza, na kwa sababu yeyote kati yenu anaweza kufungua msimbo wake, akausoma, akaubadilisha.

Miaka kadhaa iliyopita, Alhamisi asubuhi, nilipata picha kwenye WhatsApp kutoka Likasi. Mama mmoja mwenye duka la dawa alikuwa na kompyuta ya zamani ambayo nilimfungia mwenyewe. Ndiyo iliyoshika hesabu za mauzo na majina ya watu waliochukua dawa kwa deni. Usiku ule umeme ulikatika zaidi ya mara moja. Asubuhi mashine iliwaka, lakini programu ya mauzo ikakataa kufunguka. Mama akapiga skrini picha, akanitumia pamoja na sauti yake: "Papa fundi, mashini iko inaandika sana, mimi sielewe hata moja."

Skrini ile ilikuwa na mistari 25, herufi 80 kila mstari. Nikaikuza picha kwa vidole, nikahesabu. Mistari 23 ilitoka kwa draiva moja tu, ya kidude cha Wi-Fi kinachochomekwa kwenye USB. Mstari baada ya mstari ilisema imeanza kutafuta mitandao, imemaliza kutafuta, imeanza tena, imemaliza tena, na yote hayo iliyaandika kwa cheo cha kosa. Nami nikaamini nilichokiona. Nikasema Wi-Fi imekufa na programu ya mauzo inasubiri mtandao. Nikanunua kidude kingine hapa mjini, na Jumamosi nikapanda gari, kilomita kama 120.

Likasi nilichomoa kidude cha zamani, nikachomeka kipya cha aina ileile, na hakuna kilichobadilika. Nikafungua daftari la kerneli, yaani la kile kiini cha Linux kinachosimamia vifaa vyote, kwa amri ya dmesg: Wi-Fi tupu, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Nikazima mashine, nikaiwasha bila kidude chochote, na hapo ndipo nilipouona mstari ambao ungeniambia kila kitu tangu Alhamisi. Ulitokea sekunde ya nne tangu kerneli ianze: kosa la I/O, yaani la kusoma au kuandika, kifaa sda, ambacho ndiyo diski, na namba ya sekta iliyokataa kusomeka. Diski ilikuwa inakufa. Kwa siku mbili mama aliizima na kuiwasha kama nilivyomwambia kwa simu, na kila mara ile diski ikazidi kuharibika. Tuliokoa orodha ya dawa. Madeni ya wiki tatu hayakurudi. Mama hakunigombeza. Alileta daftari jipya, akakaa kwenye kiti karibu na kaunta, akaanza kuyakumbuka majina moja moja, nami nikaandika mpaka jioni.

Wakati wote ule kerneli ilikuwa imeshasema ukweli. Ilisema mapema, ilisema sawasawa, ikafunikwa na maneno ya kifaa ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

Sasa mtaniuliza, hata kama skrini ilijaa, kwa nini dmesg nayo haikuwa na ule mstari wa diski? Kwa sababu kerneli inaandika kwenye daftari la duara. Ni sehemu ya kumbukumbu ya mashine yenye ukubwa uliopangwa, na ikijaa, maandishi mapya yanakaa juu ya yale ya zamani zaidi. Ukubwa unaokuja na msimbo wenyewe, usipobadilishwa, ni baiti 131,072. Ukichukua mstari wa herufi 80, ni mistari kama 1,600. Draiva ikiandika mstari mmoja kila sekunde mbili, daftari lote limejaa Wi-Fi kabla ya saa moja kuisha. Na yale yanayofutwa kwanza ni yale ya mwanzo kabisa, wakati vifaa vilikuwa vinatambuliwa, yaani yale ambayo fundi anayahitaji kuliko yote. Zipo programu zinazonakili daftari hilo kwenye diski, lakini pale diski yenyewe ndiyo iliyokuwa mgonjwa.

Daftari linaweza kuongezwa ukubwa. Unaweka log_buf_len kwenye mstari wa kuwashia, yaani maagizo ambayo kerneli inapewa inapoanza, na tangu siku ile ninafanya hivyo kwenye kila seva. Lakini kuongeza ukubwa wa daftari kwa ajili ya draiva isiyonyamaza ni kama kununua pipa kubwa zaidi kwa sababu paa linavuja.

Tusiwahukumu haraka watu walioandika draiva za namna hiyo. Kelele ilikuwa na sababu yake, na vijana mnapaswa kuijua, kwa kuwa ukiijua utajua pia kwa nini imekwisha.

Linux ilianza mwaka 1991. Wakati ule kadi nyingi za kompyuta za kawaida zilichomekwa kwenye basi ya ISA, yaani njia ya pamoja ambayo kadi zinaongea na kompyuta, na kadi ya ISA ya wakati ule haikuwa na kitambulisho. Kerneli haikuweza kuiuliza "wewe ni nani?" Draiva ilibisha hodi kwa kubahatisha: inaandika namba fulani kwenye mlango 0x300, yaani anwani ya kuongea na kadi, inasoma jibu, na jibu likifanana na la kadi inayoifahamu, inasema nimeipata. La sivyo, inajaribu 0x320, kisha 0x340. Hatari ni kwamba mlango ule unaweza kuwa wa kadi nyingine kabisa, na kuugusa vibaya kunaigandisha mashine nzima. Kwa hiyo mwandishi mwangalifu aliandika kwenye skrini kabla ya kugusa: sasa najaribu 0x300. Mashine ikiganda hapo, mstari wa mwisho kwenye skrini unakuonyesha mahali ilipoanguka. Aliandika pia namba ya toleo, jina lake na anwani yake, kwa sababu mtu aliyekwama alihitaji kujua wa kumwambia. Maneno yale yalikuwa taa kwenye handaki.

Kisha ikaja basi mpya, PCI, ambayo maelezo yake ya kwanza yalitoka mwaka 1992. Kila kadi ya PCI inabeba namba ya mtengenezaji na namba ya aina yake, biti 16 kila moja, na kerneli inazisoma bila kubahatisha wala kugusa mlango wa mtu. Kerneli 2.6 ilipotoka Desemba 2003, ikaleta saraka ya /sys, ambamo kila kifaa kina mahali pake na kila draiva inaonekana imeshika kifaa gani. Leo ukiandika lspci -k unaiona orodha yote, kadi na draiva yake, saa yoyote unayotaka. Namba ya toleo la draiva nayo imepoteza maana, kwa kuwa draiva iliyo ndani ya kerneli inasafiri na kerneli. Ukijua toleo la kerneli umeijua na draiva.

Kwa hiyo yale yote ambayo draiva ililazimika kuyatangaza kwa sauti, sasa yanaweza kuulizwa kimya kimya. Lakini desturi ilibaki, na najua njia iliyopitia, maana niliipitia mwenyewe: mwanafunzi anachukua draiva ya zamani kama mfano, anabadilisha majina, anaacha salamu zote zilezile.

Tuje kwenye vyeo. Kerneli inaupa kila ujumbe cheo, kuanzia 0 hadi 7. Sifuri ni mashine kutoweza kutumika tena. Tatu ni kosa, nne ni onyo, sita ni taarifa ya kawaida, saba ni maneno ya mwandishi anaposaka hitilafu kwenye msimbo wake. Vyeo vingine vipo katikati, mtavisoma. Konsoli, yaani skrini ya maandishi ya kerneli, ina kizingiti chake, na ujumbe unaoonekana kwenye skrini ni ule tu wenye namba iliyo chini ya kizingiti hicho. Kwa kawaida kizingiti ni 7, na vyote isipokuwa cheo cha saba vinapita.

Waandaaji wa mifumo mingi ya Linux walichoshwa na mistari ile, wakaweka neno quiet kwenye mstari wa kuwashia. Neno hilo linateremsha kizingiti hadi 4. Kuanzia hapo skrini inaonyesha makosa na yaliyo mazito kuliko makosa. Maonyo hayaonekani tena, ingawa kwenye daftari bado yapo. Siwalaumu. Mtu anayewasha kompyuta ili aandike barua ya kuomba kazi hana haja na mistari yetu. Tatizo ni kilichofuata: baadhi ya waandishi wa draiva walipoona maneno yao hayaonekani tena, waliyapandisha cheo. Kutafuta mitandao, ambako ni kazi ya kila siku ya Wi-Fi, kukaitwa kosa, namba 3, ili kupite. Ndivyo ilivyokuwa draiva ile ya Likasi. Watu wanaziba masikio kwa sababu ya kelele, na mwenye kelele anapaza sauti zaidi kwa sababu wameziba masikio, na katikati yao diski inakufa.

Kuna gharama nyingine ambayo anayetumia skrini tu haioni. Vifaa vidogo vingi, ruta, vibao vya kudhibiti pampu, visanduku vya kurushia matangazo ya redio, havina skrini. Ujumbe wake wa kuwaka unatoka kwenye waya wa seriali, mara nyingi kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde. Kila herufi inachukua biti kumi, nane za herufi na mbili za kuifungua na kuifunga, kwa hiyo ni herufi 11,520 kwa sekunde. Mstari wa herufi 80 unakula milisekunde saba. Si nyingi, mtasema. Lakini weka mistari 600, zaidi ya sekunde nne zimekwenda. Na kama waya umepangwa kwa kasi ya zamani ya 9,600, mistari hiyo 600 inachukua sekunde 50. Kwa muda mrefu kerneli ilikuwa inasimama na kungoja herufi zitoke kabla ya kuendelea na kazi. Kituo cha redio kinakaa kimya karibu dakika nzima baada ya umeme kurudi, na wasikilizaji wanasubiri ili draiva zimalize kusalimiana.

Sasa nifike kwenye lile ninalolipenda zaidi, namna ya kusema pale kusema kunapohitajika.

Marehemu baba yangu alikuwa kapita, yaani msimamizi wa zamu, kwenye mgodi wa Kipushi, chini kabisa, kabla haujasimama mwaka 1993. Mwisho wa zamu alikuwa anaandika daftari la kumwachia kapita anayeingia. Nimeyaona madaftari yale nyumbani, mwandiko wake ulikuwa wa herufi kubwa zilizosimama wima. Hakuandika galeria, zile njia za chini ya ardhi, zilizokuwa salama. Aliandika ile yenye shida, na kila mara mambo matatu: ni galeria ipi na umbali gani kutoka mlangoni, ameona nini kwa macho yake, na amefanya nini. Nguzo ya tatu imepinda, mawe madogo yanadondoka, nimefunga njia. Mtu anayeshuka gizani na taa ya kichwani anaweza kufanya kazi kwa maneno hayo. Angeandika tu "kuna hatari", angekuwa amemtisha mwenzake bila kumsaidia.

Chukueni mistari miwili. Wa kwanza ninaukuta mara kwa mara kwenye draiva zinazoletwa na vifaa vya bei rahisi: "init failed", yaani kuanzisha kumeshindikana. Nani ameshindwa? Kuanzisha nini? Kwa sababu gani? Mashine ina vifaa arobaini. Wa pili unaanza hivi: ahci 0000:00:1f.2, kisha nukta mbili, kisha maelezo. Neno la kwanza ni jina la draiva, ile ya diski za SATA. Namba zinazofuata ni anwani ya kifaa kwenye basi ya PCI, nazo zinasomeka kama anwani ya nyumba: 0000 ni eneo, 00 ni basi, 1f ni kifaa, na 2 iliyo baada ya nukta ni kazi mojawapo ya kifaa hicho. Ukiwa hapa Lubumbashi na mwenzako yuko Kolwezi, mkitaja anwani hiyo hamtapotezana. Na mwandishi wa draiva hana haja ya kuiandika kwa mkono. Akitumia dev_err, amri ya kuandika kosa la kifaa, badala ya printk tupu, kerneli inaweka jina na anwani yenyewe.

Baada ya anwani, sema kilichotokea, pamoja na namba ya kosa. Fundi anayezijua namba hizi amekwisha kufika nusu ya njia. Hasi 2: faili halipo. Hasi 5: kusoma au kuandika kumeshindikana. Hasi 12: kumbukumbu imekosekana. Hasi 19: kifaa hakipo. Hasi 110: nimesubiri jibu mpaka muda umeisha. Ziandikeni ukutani juu ya meza ya kazi, mimi ninazo pale kwangu. Kisha sema draiva imeamua nini: imeacha kifaa, au inaendelea kwa kasi ya chini, au itajaribu tena. Jambo hili la mwisho linasahauliwa na karibu wote, na ndilo mama wa Likasi alilokuwa analiuliza.

Msimbo wa Linux una mwongozo wake wa uandishi, na ndani yake mna sura juu ya ujumbe wa kerneli. Inataka tahajia iangaliwe, na ujumbe uwe mfupi, wazi, usio na maana mbili. Mwongozo huo siku hizi unasema pia kwamba draiva inayofanya kazi vizuri hukaa kimya. Nilifurahi sana nilipokuta maneno hayo mahali pa rasmi.

Mbaya kuliko kelele ni kengele ya uongo. Nitatoa mbili, maana mtakutana nazo wiki hii hii.

Ya kwanza ni hasi 2 kwenye fimweya, programu inayokaa ndani ya kifaa chenyewe. Kadi nyingi za Wi-Fi hazina programu yake ya ndani. Draiva ndiyo inayoipakia kutoka kwenye diski inapowaka. Draiva inaweza kujua matoleo kadhaa ya faili hilo, ikaanza na jipya zaidi na kushuka. Kila toleo lisilokuwepo linaandikwa kama kushindwa: kupakia kumeshindikana, kosa hasi 2. Mara nne, mara tano. Halafu la sita linapatikana na kadi inafanya kazi vizuri kabisa. Ni wangapi hapa wamekesha wakitafuta faili ambalo mashine haikulihitaji? Naona mikono. Baadaye kerneli ikapewa njia ya kuomba faili la fimweya bila kulalamika likikosekana, kwa ajili ya draiva ambayo ina la kushika badala yake. Ndivyo inavyotakiwa: lalamika pale tu yote yamekosekana.

Ya pili ni hasi 517. Mtaiona kwenye vibao vidogo vyenye prosesa ya ARM. Maana yake si kosa. Draiva inasema kwamba kifaa changu kinategemea kingine, labda chanzo chake cha umeme, ambacho hakijawa tayari, niite baadaye. Kerneli inaiita tena, na tena, mpaka mwenzake aamke. Zamani draiva nyingi ziliandika "imeshindwa" kila mara zilipoitwa. Mwaka 2020 ikaongezwa dev_err_probe, ambayo inatenganisha mambo mawili: ikiwa ni kungoja tu, inanyamaza na kuhifadhi sababu mahali ambapo anayetaka ataisoma, ikiwa ni kosa la kweli, inasema. Ni mistari michache ya msimbo, na imewapunguzia mafundi usiku mwingi wa kuhangaika. Napenda kazi za namna hiyo kuliko programu kubwa zenye nembo nzuri.

Kuna mzee mmoja pale mbele ametikisa kichwa tangu nianze, na nadhani najua anachotaka kusema. Draiva ikinyamaza, nitajuaje kwamba imeamka? Na mashine ikiganda katikati, nitasoma nini?

Mzee wangu, swali lako ni la haki. Watu wa OpenBSD, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, wamelijibu kwa njia yao: kila kifaa kinapata mstari wake, jina, mahali kilipochomekwa, basi. Ukisoma dmesg ya OpenBSD unaisoma mashine nzima kama orodha ya mali. Sitagombana na mtu anayependa hivyo. Ndugu zake, NetBSD, wameweka ngazi kadhaa ambazo mwenye mashine anachagua anapoiwasha, na FreeBSD ukiiwasha kwa -v inamwaga yote. Hata mimi, kwa diski na kadi ya mtandao wa waya, nakubali mstari mmoja, kwa kuwa diski inalegea kwenye soketi yake na waya unakatwa na panya, na kutokuwepo kwa mstari huo ni habari. Kwa kadi ya sauti, kamera, kipima joto cha prosesa, sioni sababu.

Ama mashine inayoganda, maneno yote ya kusaka hitilafu yanaweza kubaki ndani ya draiva, yamelala. Mwandishi anatumia dev_dbg, na kerneli ikiwa imejengwa na uwezo wa dynamic debug, unaongeza dyndbg=+p unapoipakia moduli ya draiva ile, hiyo moja tu, na inaanza kusema yote. Kwenye mwanzo kabisa wa kuwaka, bonyeza e kwenye GRUB, programu inayoianzisha kerneli, futa quiet, ongeza ignore_loglevel na initcall_debug, na kerneli itakutajia kila hatua inayoingia na kutoka, pamoja na muda iliouchukua. Mstari wa mwisho kabla ya kuganda ndio jibu lako, kama enzi za ISA. Tofauti ni kwamba umeuomba wewe, siku uliyouhitaji. Na zile namba kwenye mabano ya mraba mwanzoni mwa kila mstari, sekunde na desimali sita, zitazameni: mahali ambapo zinaruka ghafla kutoka 3 hadi 33, hapo kuna kifaa kimesubiriwa nusu dakika.

Nilirudi kwenye ile draiva ya Wi-Fi. Msimbo wake ulikuwa wazi, kwa hiyo nilikaa nao jioni mbili. Kila mahali ilipoandika imeanza kutafuta, imemaliza kutafuta, nimepokea pakiti, nikageuza ziwe dev_dbg. Salamu ya mwanzo yenye tarehe na toleo nikaifuta. Yale yanayoweza kurudiwa mara nyingi, kama ishara kupotea, nikayaweka kwenye toleo lenye kipimo cha kasi, ambalo kwa kawaida linaruhusu ujumbe kumi kwa kila sekunde tano na kuzuia unaozidi. Yaliyobaki kama makosa ni manne: fimweya haipo, kifaa hakijibu, kumbukumbu imekosekana, kifaa kimechomolewa katikati ya kazi. Nikakiwasha kidude kile mara ishirini. Kiliunganika mara zote ishirini, bila kuandika hata neno. Nikamtumia mwenye draiva mabadiliko hayo pamoja na maelezo ya kilichotokea Likasi.

Vijana mnaosomea kazi hii, mtaandika draiva. Sensa ya kiwango cha maji, mita ya umeme, kipimo cha vumbi, vitu hivi vinahitajika hapa Katanga, na kuvisubiri viandikiwe mbali hakutufai. Mtakapoandika, kabla ya kutoa kazi yenu, chukueni simu, ichomoeni ile sensa kwa makusudi, washeni mashine, mpige skrini picha. Mpelekeeni mtu ambaye hakuwepo. Mwulizeni nini kimeharibika na afanye nini. Akijibu bila kuwapigia simu, kazi imekwisha. Kisha irudisheni sensa mahali pake, washeni tena, mwone kama kimya kimerudi.

Kwenye meza hii hapa kuna mashine tatu. Moja nimelegeza waya wa diski, moja nimeiondolea fimweya, na ya tatu haina ubaya wowote ila inapiga kelele sana. Sisemi ipi ni ipi. Betri ya akiba ina nguvu za saa mbili, kwa hiyo umeme ukikatika tutaendelea. Njooni karibu, wale wa mlangoni kwanza, tuziwashe.